Barua ya wazi kwa wasimamizi wa wadi yetu: pesa zetu zina risiti, malalamiko yetu hayana

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Wadi,
na kwa wakuu wa idara za mazingira, barabara, taa za mitaani na mipango ya miji,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINT: MTARO, TAKA, TAA, MAJENGO NA MALALAMIKO YASIYOANDIKWA POPOTE

Nawaandikia kwa heshima. Jina la wadi nimeliacha makusudi. Ninyi mnaijua, maana barua zangu za awali zinafaa kuwa kwenye makabati yenu, na majirani zangu hawahitaji kuambiwa wanakoishi. Msomaji mwingine yeyote atosheke kujua kwamba ni mtaa wa pembezoni mwa jiji, upande wa mashariki, uliojengwa juu ya ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nina nyumba hapo, na nina duka la vifaa vya ujenzi. Kodi ya ardhi nalipa kabla Machi haijaisha. Kibali cha biashara kiko ukutani dukani, na cheti cha zimamoto kiko chini yake.

Sikukimbilia hadharani. Nilianza kwa njia mnayotuhimiza tuifuate: ofisi ya wadi, simu, barua, baraza la mtaa, mwakilishi wetu katika bunge la kaunti. Nimepokelewa kwa adabu, hilo sitalificha. Kuna siku nimepewa kiti na chai juu. Ila sijawahi kutoka katika ofisi hata moja nikiwa na karatasi inayoonyesha kwamba nilifika. Nikilipa ada, hata iwe ndogo namna gani, napewa risiti yenye nambari, tarehe na saa. Nikileta shida naambiwa, "Tumesikia, mama." Hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Mengine ninayoyaorodhesha hapa ni matokeo yake.

1. Mtaro

Mwaka 2024, mwezi wa Aprili na Mei, mafuriko yaliua watu jijini na kuwaondoa wengi makwao, hasa Mathare na kwenye mabonde mengine ya mito. Sisi hatukai kando ya mto. Maji yanayoingia sebuleni kwetu kila masika ni ya mvua iliyonyesha juu ya mabati yetu na kabro zetu wenyewe, ikakosa pa kupita.

Sababu yake naijua kwa sababu ni biashara yangu. Mtaro wa barabara yetu ulichimbwa mpana. Halafu kila mwenye ploti akataka gari livuke hadi getini, akalaza kalavati, yaani bomba la kupitishia maji, na kuifunika kwa zege. Aliyeweka ya kipenyo cha milimita 600 alifanya kazi nzuri. Jirani yake wa upande wa chini akaweka ya milimita 300 kwa kuwa ni nafuu na inabebwa na mkokoteni mmoja. Nafasi ya maji kupita imeshuka ghafla hadi robo, na maji yenyewe yanayopita hayafiki robo, maana bomba jembamba huyapunguza mwendo. Yanajaa nyuma ya geti hilo. Udongo mweusi unashuka na kutulia ndani, chupa za plastiki zinakuja juu yake, na msimu unaofuata hakuna bomba tena, kuna zege juu ya tope.

Wateja wangu huchagua kalavati kwa kupima mfuko wao, na mtaro hawaupimi. Siwalaumu sana. Hakuna mhandisi wa kaunti aliyewahi kuwaambia kipimo kinachotakiwa, na tangu nifungue duka sijaona mtu akija na kibali cha kuvuka mtaro wa umma. Askari wa kaunti hupita hapo hapo kukagua vibali vya mama mboga. Macho yao yanaona kibanda cha mbao na hayaoni zege lililomwagwa juu ya mali ya kaunti.

Nilipolifikisha jambo hili kwenu niliambiwa kwamba mtaro wetu unamwaga maji kwenye barabara kubwa, na barabara hiyo ni ya shirika la serikali kuu, kwa hiyo niende kwao. Nikaenda. Huko nikaambiwa kwamba mitaro ya ndani ya mtaa ni ya kaunti, kwa hiyo nirudi. Nilivyoelewa mimi, wote wawili walisema kweli. Mtaro wa ndani ni wenu, wa barabara kubwa ni wao, na panapokutana pana kalavati moja iliyojaa tope ambayo hakuna anayeikubali kuwa yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Sikuona humo mstari unaosema isipokuwa pale mtaro unapofika kwenye barabara ya mwingine.

Vijana wa mtaa wamewahi kuizibua kalavati hiyo kwa sepetu, tukawachangia pesa. Tope walilitoa na kulirundika ukingoni, kwa kuwa hakukuwa na lori la kulibeba. Mvua iliyofuata ikalirudisha ndani.

2. Taka

Kila kaya kwetu humlipa mtu binafsi kubeba taka kila mwezi. Anayekosa kulipa, au mpangaji ambaye mwenye nyumba ameamua kuokoa hela hizo, huvizia usiku na kuacha mfuko kwenye kona karibu na transfoma. Kona hiyo sasa ni jaa. Lori la kaunti hufika, ila safari zake huwa zinaambatana na ziara za wakubwa; tukiliona tunajua kuna hotuba inakuja. Kati ya ziara moja na nyingine, taka huchomwa, na moshi wa plastiki huingia katika shule ya chekechea iliyo mkabala. Zisizochomwa huishia kwenye mtaro niliousimulia hapo juu.

Najua shida zenu pia. Jaa la Dandora lilianza kutumika miaka ya 1970, likatangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, na malori bado yanapanda juu yake. Kutoka kwetu hadi huko ni foleni na mafuta. Lakini Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022 ilikuja kupunguza mzigo huo: kaya zitenganishe taka zinazooza na zisizooza, wabebaji wawe na leseni, na kaunti ziwe na vituo vya kuchambua taka ili kinachofika jaani kiwe kidogo. Kwetu kuna akina mama waliojaribu. Maganda ya ndizi na sukuma wiki walitia ndoo yake, chupa gunia lake. Gari lilipokuja, vyote vilitupwa pamoja kwenye tela moja mbele ya macho yao. Sasa niambieni, kesho watatenganisha tena kwa ajili ya nani?

Nimeuliza ni nani kati ya wabebaji wanaozunguka mtaani ana leseni. Orodha sijaonyeshwa. Kama hamna orodha, basi hata ninyi hamjui taka zetu zinapelekwa wapi.

3. Taa

Hili ni fupi. Nguzo zipo, mwanga hakuna. Mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu pale stejini, iliwaka kwa muda, ikazimika, na tangu hapo ni makao ya kunguru. Wanaofanya kazi viwandani hutoka saa kumi na moja alfajiri, wanawake wengi miongoni mwao, na hutembea wakiwa kundi. Ninachotaka kujua ni jambo dogo: balbu imeungua, nyaya zimeibwa, au bili haijalipwa? Kila mtu ofisini alikuwa na jibu lake. Kama nyaya zimeibwa semeni zimeibwa, tutajua la kufanya na walinzi wetu.

4. Majengo

Hapa lazima niseme wazi kwamba ghorofa zinanilisha. Saruji, nondo na misumari inayozijenga mingi hutoka kwangu. Sipingi jiji kukua. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 4.3 Nairobi, na lazima walale mahali.

Lakini ploti zilizopimwa kwa nyumba ya familia moja sasa zinabeba ghorofa sita zenye vyumba vya kupangisha, na bomba la majitaka chini ya barabara ni lile lile. Mifuniko inainuka na uchafu unatoka. Mfuniko mmoja wa chuma uliibwa, nadhani uko kwenye mzani wa muuza vyuma chakavu mahali fulani, na majirani wameweka tawi la mti lenye kitambaa chekundu shimoni ili bodaboda wasitumbukie. Maji safi nayo ni yale yale ya mgao. Zikiongezeka kaya, mgao unakonda, na maboza ya kuuza maji yanapata wateja.

Ujenzi wenye idhini hutakiwa kuwa na ubao unaoonyesha mradi ni upi na nambari ya kibali chake. Kwetu baadhi ya majengo yana ubao, mengine yana turubai tu. Nilipouliza kama jengo fulani limeidhinishwa, niliambiwa nilete nambari ya kibali. Nambari hiyo huandikwa kwenye ubao ambao haupo.

5. Dawati lisiloandika

Nirudi sasa kwa lile la mwanzo, maana naamini mkilitengeneza hili, manne yaliyotangulia yatapata pa kushikwa.

Dukani kwangu kuna daftari. Fundi akirudisha mfuko wa misumari iliyoshika kutu, naandika jina lake, siku, na nilichomwahidi. Nikiwa sipo, kijana wangu anasoma na kuendelea nilipoachia. Ofisi yenu inahudumia wadi nzima, na kumbukumbu ya malalamiko iko kichwani mwa afisa. Afisa akihamishwa, kumbukumbu inahama naye. Nimewahi kumweleza afisa mpya shida ya mtaro tangu mwanzo, akaniahidi kwa dhati, na kwa kweli alikuja akapiga picha. Kisha akapelekwa wadi nyingine. Aliyefuata hakujua kwamba picha hizo zipo.

Haya si mageni katika jiji hili. Mwaka 2013 baraza la jiji liliipisha kaunti. Februari 2020 mkataba ukatiwa saini wa kuhamishia baadhi ya majukumu ya kaunti serikali kuu, na mwaka 2022 yakarudi. Kila ofisi inapohama, mwananchi ndiye hubaki na historia kichwani, na ndiye huambiwa aanze upya.

Sheria haikuwaacha huru kusikia tu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya majukumu yake, na katika kifungu cha 89 inazipa mamlaka za kaunti wajibu wa kujibu kwa haraka. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi la habari linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na jibu litolewe ndani ya siku 21. Tena inasema kwamba kama habari iko katika ofisi nyingine, aliyepokea ombi ndiye anayelipeleka huko, ndani ya siku tano, na kumjulisha mwombaji. Mzigo wa kutembeza barua kutoka ofisi hadi ofisi sheria imeutua begani mwa afisa. Mimi nimeubeba miaka yote hii kwa nauli yangu, nikifunga duka.

Sasa, nimekaa nanyi vya kutosha kujua majibu yatakayokuja.

Mtasema hakuna bajeti. Kalenda ya fedha ya kaunti inajulikana: taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti mwisho wa Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kati ya tarehe hizo huitwa mikutano ya maoni ya umma, na mimi huhudhuria. Mtaro wetu huwa haumo kwenye makabrasha tunayogawiwa. Sijui mtu anayepanga bajeti angeujuaje, ilhali hakuna aliyeuandika. Na kama ni Hazina imechelewesha mgao, kuchelewa huko hakuizuii kalamu kuandika kwamba mama fulani alileta shida fulani siku fulani.

Mtasema wakazi wenyewe ndio wanaotupa taka na kuziba mtaro. Ni kweli, na mtaro wenyewe nimeueleza bila kuwatetea. Ila aliyepewa rungu la kumzuia mkazi ni ninyi. Mimi nikimkemea jirani ni ugomvi wa majirani. Kaunti ikimwandikia ilani ni sheria.

Mtasema watu hawalipi kodi ya ardhi. Wapo wasiolipa, na kila wanapotangaziwa msamaha wa riba, sisi tunaolipa kwa wakati hutazamana. Hata hivyo, mpangaji wa chumba kimoja hulipa kodi hiyo kupitia kwa mwenye nyumba, na mama mboga hulipa ada yake kila uchao. Hakuna anayekanyaga barabara ile bila kuwa ameichangia.

Na mtasema siku hizi malalamiko hutumwa kwa simu. Nimetuma. Ujumbe wa shukrani ulirudi mara hiyo hiyo, bila nambari ya kufuatilia, wala jina la idara. Isitoshe, bibi yule wa chumba cha pembeni ambaye uchafu wa bomba hupita mlangoni mwake ana simu ya mulika, na ataendelea kuja ofisini kwa miguu. Mpokeeni hapo.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba mambo haya.

Kwanza, daftari la malalamiko katika ofisi ya wadi, lenye karatasi za nakala. Kila anayeleta shida aondoke na kipande chenye nambari, tarehe, idara iliyokabidhiwa na siku ya kurudi kuuliza. Wanaojua kusoma wataandika wenyewe, wasiojua waandikiwe. Ukurasa wa muhtasari ubandikwe ubaoni kila mwisho wa mwezi: yaliyopokelewa, yaliyotatuliwa, yaliyobaki. Ombi hili halingoji mwaka mpya wa fedha. Kitabu cha nakala nauza dukani na najua bei yake, na cha kwanza nitakitoa bure iwapo hiyo ndiyo shida.

Pili, majibu ya maandishi kwa maswali manne: ni nani mwenye jukumu la kalavati ya makutano ya mitaro miwili, ni wabebaji gani wa taka wenye leseni katika wadi hii, kwa nini taa za barabara yetu hazijawaka, na ni majengo gani ya ghorofa katika mtaa wetu yaliyo na kibali. Maswali haya ni ombi rasmi la habari chini ya sheria ya 2016. Siku 21 zikipita bila jibu nitakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, kama sheria hiyo inavyoniruhusu.

Tatu, kabla mvua za masika hazijaanza, mhandisi wenu na mwenzake wa shirika la barabara wafike pamoja, siku moja, saa ile ile, wasimame juu ya kalavati ile. Asiwepo mmoja wa kusema mwenzake ndiye. Watakapokubaliana kipimo cha vivuko vya mageti, mniletee maandishi niyabandike dukani, na sitamuuzia mtu kalavati iliyo chini ya kipimo hicho kwa ajili ya mtaro wa umma. Mapato yangu yatashuka kidogo, au pengine yatapanda, maana ya 600 ina bei zaidi. Vyovyote vile.

Sijaomba mtu afutwe kazi. Wengi wenu mnakaa mitaa kama yetu na mnavuka maji yale yale mkienda kazini. Sijaomba lami mpya wala sherehe ya kuizindua.

Nakala iliyochapwa ya barua hii nitaileta ofisini Jumatatu asubuhi. Zitakuwa mbili: moja ibaki kwenu, ya pili naomba igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe, nirudi nayo.

Wenu mwaminifu,
Mkazi na mfanyabiashara wa mtaa.

Nakala kwa:
Mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti
Msimamizi wa kaunti ndogo
Mwenyekiti wa chama cha wakazi
Ubao wa matangazo, stejini